Ukoka wa Getini

9 Februari

Mwanangu Sisimizi,

Sisi huku wazima. Mama yako hajambo, kuku hawajambo, mgongo wangu haujambo hadi saa sita mchana, baada ya hapo huanza maneno yake. Nawe nadhani u mzima. Nasema nadhani, kwa sababu miezi kumi na minne umekaa kimya.

Taasisi yenu imeniletea mfuko wa kilo mbili za mbegu ya ukoka na fomu ya kurasa nne. Mwenyekiti wa kamati anasema kwa kuwa ni mimi niliyeandika kupinga mbegu hiyo isiuzwe, basi ni mimi nitakayeijaribu, siku tisini. Nikisema haifai, haitoki. Chini kaongeza kwa mkono: "Tunajua mzalishaji ni binti yako. Tumesoma barua yako ya kupinga, tukaona hakuna hatari ya upendeleo." Sijui hiyo ni sifa au tusi.

Siku nilipokusikia redioni ukisema kupanda ukoka kwa vipande ni kazi iliyopitwa na wakati, nilikuwa nimeinama, vipande mkononi. Mita moja ya mraba huingia vipande ishirini na tano, na kila kipande ni kuinama mara moja. Zidisha kwa miaka thelathini na moja, wewe si msomi? Kuinama huko ndiko kulikokusomesha. Halafu unatengeneza kitu cha kuniweka kando, mimi na wenzangu sita!

Nitaijaribu kwa haki. Futi yangu ya kupimia haijui mtoto wa nani. Usipige simu, kwenye simu unanikatiza.

Baba yako

17 Februari

Shikamoo Baba,

Ni mzima, ila barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mpe Mama salamu, na mgongo pia.

Yale ya redioni niliyasema, siyakani. Nilitaka kuonekana mkubwa. Uliponipinga nikanuna, nikasubiri uandike kwanza. Nimerithi kwa nani, hilo tuliache.

Lakini acha nikuhesabie na mimi. Nilianza na ukoka wa aina mbili. Mmoja ulizaa mbegu tele, ila majani yake magumu kama ufagio. Mwingine ulikuwa laini, mfupi, haukomi kujaza, ila mbegu zake za kuokoteza. Nikazipanda aina zote mbili safu kwa safu, zichanue pamoja na kupeana chavua. Miche elfu nne na mia mbili. Kila mwaka natupa, nabakiza. Mwaka wa saba ikabaki tisa, na kutoka hiyo tisa ndiyo imepatikana mbegu uliyonayo. Inapenda jua kali, baridi ikija inasinzia tu, haifi. Nina nafasi hii moja, Baba. Kamati ikiikataa, shamba la majaribio wanampa mtu mwingine na miaka saba inafungiwa kabatini.

Ule ukoka laini niliuchuma huko nyumbani, pale bombani, siku naondoka. Niliutia mfuko wa sketi. Sikuomba ruhusa.

Binti yako

28 Machi

Sisimizi,

Marahaba. Huku salama, jua tu, mvua bado.

Barua yako ilichelewa, nimeipata tarehe 7 Machi, tarishi akanikabidhi mkononi. Ya ukoka wa bombani nimeyasikia. Wizi wa nyumbani nao ni wizi.

Sasa matokeo. Nimepanda tarehe 5, 6 na 7, eneo la mita za mraba mia na ishirini nyuma ya stoo. Nimevuta kamba, nimetoboa mashimo elfu tatu, kina cha vidole vinne, kila shimo mbegu za kubana kwa vidole viwili, nikafukia na kukandamiza kwa kisigino kama nipandavyo siku zote. Maji asubuhi na jioni. Leo ni siku ya ishirini na moja.

Zilizoota: sifuri.

Sikukosea kuhesabu, sifuri haina kukosea. Tena mfuko haukuwa na kilo mbili. Uliniishia mikononi kabla ya hesabu yangu. Nimeandika kwenye fomu kwamba mmenipunja.

Kwa hiyo nimeshinda. Mama yako ananiuliza mbona mshindi hali chakula. Nimemwambia sina njaa.

Baba yako

6 Aprili

Shikamoo Baba,

Vidole vinne! Baba, kilo moja ya mbegu hii ina punje kama milioni nne. Punje ile haina nguvu ya kusukuma udongo wa vidole vinne, ni kama kumzika mtoto mchanga chini ya godoro na kumwambia aamke. Humwagwa juu, ikakanyagwa, basi.

Kosa ni langu. Nimechukua tena karatasi ya maelekezo niliyoiandika mwenyewe: inasema maji, inasema jua, inasema mbolea. Kina haikusema. Hapa kila mtu anajua, hivyo hakuna aliyekumbuka kukiandika. Miaka saba, na nikasahau mstari mmoja.

Sikuombi urudie. Jaribio ni moja na mfuko ni mmoja, hiyo ndiyo kanuni. Kama ni sifuri, andika sifuri. Kamati inakaa tarehe 12 Juni. Kile cha kupunjwa ndicho sikielewi. Nilipima mfuko ule mwenyewe, mara mbili.

Kula chakula, Baba.

Binti yako

15 Aprili

Sisimizi,

Sisi wazima. Mvua ilianza tarehe 1. Keti kabla hujaendelea.

Jumanne mama yako kanipigia kelele kutoka uani: "Wewe! Nani kapaka rangi njia yako?" Nikatoka. Kuna mstari wa kijani, upana wa unyayo, unaanzia mlangoni mwa stoo. Unapita bombani, pale umenenepa kidogo, maana huwa nasimama kunywa maji. Unakata kona hadi kwenye shamba lako la sifuri na kukomea hapo. Ukoka, mwanangu. Mwembamba, laini, umesimama sawasawa kama nywele za askari.

Nikaenda kuuangalia mfuko. Panya kautoboa chini, tundu kiasi cha kichwa cha msumari. Nimetembea siku tatu namwaga mbegu na kuzikanyaga mwenyewe, huku nikiwalaumu nyinyi. Neno la kupunjwa nimelifuta.

Nimepima. Kutoka stoo hadi bombani mita kumi na nne, bombani hadi shambani ishirini na mbili. Katika shubiri moja ya mraba njiani, miche mia mbili na kumi na miwili. Ramani nimekuchorea nyuma ya karatasi hii.

Utaona pia kiduara getini, na miche michache ya kutawanyika kuelekea huko. Kipenyo hatua mbili, miche mia sita na arobaini kwa shubiri, kuliko popote. Sababu: haijulikani.

Baba yako

24 Aprili

Shikamoo Baba,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaja kuuliza kuna nini. Ramani nimeibandika ukutani.

Ila fomu haikubali "haijulikani", kwa hiyo nisaidie kujaza. Stoo iko nyuma. Shamba liko nyuma. Geti liko mbele, halipo njiani mwa kitu chochote. Tarishi hupita saa nne. Tarehe 7 alikukabidhi barua mkononi, umeandika mwenyewe. Tarehe 5 na 6 je, ulimngoja na mfuko begani hivyo hivyo? Miche mia sita na arobaini si ya mtu aliyesimama dakika mbili, Baba. Hesabu uliniletea wewe.

Binti yako

5 Juni

Sisimizi,

Wazima. Swali lako la getini nimelisoma. Tuendelee na kazi.

Fomu nimeipeleka. Nimeandika: inafaa. Nikaweka sharti moja, kwamba karatasi ya maelekezo ianze kwa maandishi makubwa: MWAGA JUU, USIFUKIE. Wapanda vipande wote wa nchi hii wana visigino.

Tena nimeomba mwenyekiti kilo thelathini za kujaribia pakubwa, akanipa. Unaukumbuka uwanja wa shule niliowakatalia? Mita elfu sita, vipande laki moja na nusu. Tuko saba, kila mmoja ainame mara elfu ishirini na moja na ushee. Wiki tano, na migongo saba hospitalini. Safari hii kila mtu nimempa mfuko, nikautoboa kwa msumari, tundu lile lile la panya. Tumejipanga mstari tukatembea uwanja mzima, kwenda na kurudi, wima kama mabwana harusi. Siku mbili! Yule tunayemwita Mjomba Kamba akasema, "Miaka yote nimefanya kazi na nyinyi nikiona visigino tu. Kumbe mna sura mbaya hivi!" Tulicheka mpaka mmoja akamwaga mfuko wote mahali pamoja. Pale golini pataota msitu.

Hakuna aliyewekwa kando. Kusawazisha, kumwagilia na kukata bado kunataka watu, na sasa tunapokea viwanja tulivyokuwa tukivikimbia. Barua yangu ya kupinga nimewaandikia waichane.

Baba yako

14 Juni

Shikamoo Baba,

Imepita! Kura tisa kwa sifuri, na safari hii sifuri ni tamu. Mwenyekiti alisoma sharti lako kwa sauti, chumba kizima kikaangua kicheko, kisha wakaliandika neno kwa neno.

Nimepewa likizo. Jumamosi tarehe 5 Julai nashuka basi la asubuhi, saa nne nitakuwa nyumbani. Mwambie Mama. Wewe sikwambii kitu, utasema nakukatiza.

Binti yako

23 Juni

Mwanangu,

Hongera. Mama yako ameshaanza kufagia, na bado siku kumi na mbili.

Uwanja umeota, golini kweli pana msitu. Njia ya stoo nimeikata kwa mashine, imekaa kama zulia. Cha getini nimekiacha.

Uliuliza tarehe 5 na 6. Andika: tarehe 5 nilisimama muda wa saa moja na nusu, tarehe 6 muda wa saa mbili kasoro robo, mfuko begani. Tarehe 7 dakika arobaini, maana tarishi alipoondoka niliisoma pale pale.

Jumamosi ukifika saa nne utanikuta nimesimama kwenye kiduara. Nitaanza saa tatu.

Baba