Beseni la Ami Badi

Kaltuma, niko Kilifi kwa daktari, nakuandikia kwa hasira.

Moyo ulinienda mbio tena. Daktari akaniinamisha uso kwenye beseni la maji ya barafu, ukatulia papo hapo! Ati baridi ya usoni hupita kwenye mishipa ya fahamu na kuuamuru moyo upunguze mwendo.

Beseni, Kaltuma! Kama lile aliloniinamishia ami Badi kwa uganga wake mwaka wa themanini na nne! Yeye alisema ni pepo wangu katulia, na kwamba pepo huyo hataki mchumba wangu Seif anioe.

Nimempigia sasa hivi. "Ami, ulijua ni maji tu?"

"Nilijua, mwanangu. Lakini Seif alikuwa kijana mwema, na binti yangu alikuwa hajaposwa."

Hajaposwa!

Na hina ya harusi ya huyo bintiye na Seif nilimpaka mimi, kwa mikono hii hii.