Kapteni Tullio Ni Mume Wangu

Jumapili, 7 Januari 2001

Nimepika sosi ya watu sita tena. Mlaji mmoja. Sijui kupika kidogo, basi!

Saa mbili usiku ule mchezo mpya wa televisheni umeanza – ukoo wa Barrese, majambazi wa hapa hapa New Jersey. Nikamwona. Kapteni Tullio! Mwendo wa mume wangu Sabato, kofia yake, hata kile kikohozi chake kabla ya kusema uongo. Sabato ana miaka mitatu kaburini na leo kaingia sebuleni na suti. Nimelia, nimecheka, nimemjibu mara mbili kwa sauti.

Hayo yote nilimpa mimi yule mwandishi wa mchezo, Bwana Brodsky. Alikuja Jumanne kumi na moja mfululizo, akanywa kahawa yangu, akanisikiliza. Nani mwingine ananisikiliza? Hatukujaliwa watoto. Aliponiuliza cheo cha Sabato nikasema kapteni. Likanitoka tu! Ukweli: katika genge lao juu kuna Mkubwa, kisha naibu, mshauri, makapteni, na chini askari walioapishwa. Sabato alikuwa dereva. Dereva haapishwi. Anangoja nje na funguo mkononi. Lakini nimeshampandisha, na yumo kwenye televisheni. Atamshusha nani?

Jumatatu, 8 Januari

Duka la mikate, Bloomfield Avenue. Msichana kanipa mkate kabla ya waliotangulia. "Karibu, Mama Kapteni!" Nimerudi nyumbani nimenyooka mgongo.

Wifi Dolly kapiga simu. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka juzi! Eti, wifi, umemwona kaka yangu alivyopendeza? Eti atakuja Jumapili tutazame pamoja. Nimenunua keki.

Alhamisi, 11 Januari

Nello, mwenzake Sabato wa zamani, kaja. Yeye alikuwa askari wa kweli, aliyeapishwa, sasa ni mzee wa magoti mabovu. Anacheka tangu mlangoni. "Shemeji! Sabato kapteni? Klabuni wazee wamecheka mpaka meno ya bandia yametoka!"

Nikamwambia cheka tu. Kama alikuwa si kitu, lile shada kubwa la maua siku ya kumuaga lilitoka kwa nani? Meupe matupu, halina kadi. Mkubwa mwenyewe! Aliogopa kuandika jina, wapelelezi walikuwa nje wanapiga picha.

Nello akaacha kucheka. Akaangalia kikombe. "Ndiyo, shemeji. Itakuwa ni yeye." Akaondoka na keki hajaigusa. Nello, kuacha keki!

Jumapili, 14 Januari

Dolly hakuja. Mafua, eti.

Leo Kapteni Tullio kaenda kwa nyumba ndogo yake; mchezoni ilikuwa Ijumaa. Nikacheka, televisheni lazima itie chumvi. Ijumaa Sabato alikuwa anampeleka Mkubwa Yonkers kucheza karata, anarudi Jumamosi asubuhi.

Kisha Tullio akamenya chungwa pale kwa yule mwanamke. Maganda akayapanga juu ya kipasha joto ili chumba kinukie.

Hilo sikumwambia Brodsky. Sikumwambia mtu! Nikageuka nikatazama kipasha joto changu. Maganda ya jana yapo pale pale, nimeyapanga mwenyewe kama alivyokuwa akiyapanga Sabato. Mchezo ukaendelea mpaka mwisho, sijui walisema nini.

Jumanne, 16 Januari

Nimempigia Brodsky. Mama, nilisikiliza watu wengi, anasema. Nikamuuliza, aliyekuambia ya maganda ni nani? Hapo eti anaingia mkutanoni. Kahawa yangu Jumanne kumi na moja, na leo ana mkutano!

Jumatano, 17 Januari

Nimekwenda kwa Nello kwa miguu, kwenye theluji. Mkewe kanitazama usoni mara moja, akakimbilia jikoni.

Nikamuuliza: Ijumaa Mkubwa alikuwa akicheza karata wapi?

"Shemeji, Mkubwa alikuwa anaishi na mama yake. Ijumaa hatoki. Anakula samaki na mama, analala saa mbili."

Na shada?

"Mkubwa hakutuma kitu." Kashika kofia kwa mikono miwili. "Dereva, shemeji. Nani atampelekea dereva maua vile? Ni Mirella Stasi. Wa Nutley. Alikuwa na duka la maua."

Nutley! Maili tatu! Angalau angekwenda mbali. Miaka kumi na tisa ya Ijumaa, na mimi namfungia mikate ya safari ya Yonkers.

Na maua yale! Nimejivunia miaka mitatu, nimemsimulia hata padri.

Alhamisi, 18 Januari

Nimetupa maganda. Nyumba inanuka sosi.

Jumamosi, 20 Januari

Yumo kwenye kitabu cha simu. Stasi, M. Nimeandika namba nyuma ya daftari hili na matusi sita nimeyapanga, jepesi kwanza. Nimefanya mazoezi mbele ya sinki. La tano ni zuri sana.

Lakini katikati ya mazoezi nikajikuta nauliza jambo jingine. Kwake pia alikuwa akikohoa? Alikuwa akinitaja? Aibu gani hii. Ni hasira tu, itapoa.

Jumapili, 21 Januari

Dolly hakuja, wala hakupiga.

Mchezo ulipoanza nikazungusha namba. Ikaita mara mbili. "Haloo?" Sauti ya mtu mzima, imekwaruza. Nyuma yake nikamsikia Tullio. Anasema neno lile lile, kwangu na kwake. Nikalitafuta tusi la kwanza daftarini.

"Ni wewe, Bi. Iannuzzi?"

Jina langu analijua! Sikukata simu. Tukabaki hivyo, kila mtu na televisheni yake. Tullio akachukua chungwa, akalimenya kwa kisu, madaha matupu.

"Hakuwa akimenya hivyo," akasema Mirella polepole.

Mdomo wangu huu! "Hata kidogo. Kwa dole gumba."

"La kushoto."

La kushoto! Ujasiri gani huo, kunisahihisha habari za mume wangu! Lakini ni kweli. Kushoto. La kulia liliumizwa na mlango wa gari mwaka sabini na nne, nililifunga mimi mwenyewe, na nilikuwa nimesahau. Nimesahau! Yeye anakumbuka.

Sasa ni matangazo. Simu nimeilaza mezani kando ya daftari, haijakatwa. Namsikia anaweka kitu juu ya jiko. Anakohoa. Matusi yote sita yapo hapa, sijatumia hata moja. La tano nalitazama.

Sauti inatoka mezani, ndogo: "Bi. Iannuzzi? Upo? Njoo, wameanza tena."