Ukucha wa Baba na Injini Mbili za Boti

Shauri Moyo, Nairobi
Jumatano jioni

Kwa mdogo wangu Okoth,

Nakusalimu kwanza, kabla furaha haijanisahaulisha adabu. Mama hajambo? Goti lake linamruhusu kushuka ziwani? Mkeo na mtoto mchanga wanaendeleaje? Mimi ni mzima. Mitumba yangu Gikomba inatoka polepole, na mvua imeingia chumbani mara moja tu wiki hii.

Sasa sikiliza: usiuze injini! Nimeliandika hilo mapema ili hata ukiitwa katikati ya kusoma, uwe umeshaliona. Yule mnunuzi wa vyuma chakavu akija Jumamosi, mpe kiti, mpe chai, lakini asiguse kitu mpaka ufanye jambo nitakalokueleza. Na ng'ombe wawili wa Mama wasitoke zizini kwa ajili ya injini mpya.

Kifurushi chako kilifika Jumatatu asubuhi. Dereva wa basi alinikabidhi huku akinung'unika kwamba kimemwagia kiti chake mafuta. Nilipofungua nikakuta pistoni na silinda ya injini ya kushoto, umezifunga kwa shati la kazi la Baba, lile la kijani lenye kifungo kimoja cheupe nilichomshonea mimi. Nilikaa nalo kidogo kitandani kabla ya kutoka. Usione vibaya, nimelifua na nitabaki nalo.

Nilitia vyuma kwenye kikapu nikaenda kwa miguu hadi kwenye vibanda vya mafundi. Vijana wakanipokea kwa kelele, wakiniita mama kwa Sheng yao.

"Mathe, hapa hatununui nguo!"

"Wala sijaleta," nikamjibu aliyesema, "ingawa hiyo suruali yako inanililia."

Wakacheka. Mmoja akachungulia kikapuni, akatikisa kichwa. "Hiyo ni skrepa, mathe. Peleka kwa mizani."

Moyo ukanishuka, maana ndivyo alivyokwambia fundi wa huko: zimezeeka, zinatoa moshi, hazina nguvu, tafuta mpya. Na najua boti letu haliwezi kwenda na injini moja siku hizi. Magugu yamejaa ziwani, na Baba mwenyewe alisema moja haiyapasui.

Ndipo akatoka Fundi Mutua, mwenye kibanda, mzee mfupi aliyefunga miwani yake kwa waya. Akaigeuza pistoni mkononi.

"Hii ni ya lori."

"Ilikuwa ya lori. Baba aliigeuza isukume boti."

"Babako ni fundi?"

"Alikuwa."

Akavua kofia, akaishika kifuani kidogo, akaivaa tena. Kisha hakuchukua kipimo chochote, Okoth. Aliifuta silinda kwa kitambaa, akaingiza kidole gumba ndani, akapitisha ukucha taratibu kutoka ndani kupanda hadi karibu na mdomo wa juu.

Nilisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Unaukumbuka ukucha wa Baba? Ule mrefu wa kidole gumba, ambao Mama aliapa kwamba ataukata akilala? "Mwanamume mzima una ukucha kama wa paka!" Naye Baba alikuwa akitabasamu tu, anamalizia chai yake. Miaka yote mimi nilidhani ni wa kutolea miba ya samaki.

Kumbe pistoni ikipanda na kushuka kwa miaka mingi, huila silinda, na pale juu panabaki kidato, kama ngazi ndogo. Ukucha ukikwama hapo, silinda imekwisha. Ukipita bila kukwama, bado ina maisha. Fundi alipitisha mara tatu, akanipa na mimi nipitishe. Wangu ulipita kama juu ya sahani!

"Hii haijazeeka," akasema. "Ona ringi, hizi pete za pistoni, zimeshikwa na kutu na masizi. Ndiyo maana haina nguvu. Ilikaa muda gani bila kuzungushwa?"

Hapo nikakosa pa kutazama. Wewe wajua. Baada ya mazishi ulitaka kuziwasha walau mara moja kwa wiki, na ni mimi niliyekukataza. Nilikwambia chombo cha marehemu hakiguswi mpaka siku ya sisi wafiwa kunyolewa nywele, na siku hiyo ikachelewa na kuchelewa wakingojwa ndugu wa mbali. Ulinitii kwa sababu mimi ni mkubwa. Nilimweleza Fundi yote hayo. Nilidhani atanicheka.

"Basi na yenyewe ilikuwa matangani," akasema, akaichovya pistoni kwenye debe la dizeli. "Rudi Jumatano."

Leo nimerudi. Akaigonga polepole kwa kijiti cha mbao, na ringi ya juu ikacheza, halafu ya pili. Nikapiga kigelegele mbele ya watu! Yule kijana wa suruali akasema, "Mathe, injini imezaa?" Nikamwambia imefufuka, na Jumatatu nitamletea suruali bila malipo.

Okoth, nisamehe kwa lile katazo. Nilitaka kumheshimu Baba, nami nusura niiue kazi yake.

Fundi anasema tutatia ringi mpya, tutabadilisha beringi na kusafisha nozeli za kunyunyizia mafuta, na vyote vinapatikana hapa kwa kuwa ni vya lori. Yuko tayari kuja huko mwenyewe. Lakini alinionya: "Nimeona silinda moja tu. Usichinje kuku bado." Kwa hiyo Ijumaa fungua kichwa cha injini ya kulia pia, ufute kila silinda iliyobaki ya zote mbili, upitishe ukucha juu pale. Ukipita kote, tunazifufua zote mbili. Ukikwama kwenye moja, hiyo ndiyo aende nayo mnunuzi, nami nitatafuta ya lori kama hilo hapa Nairobi. Kwa vyovyote boti la Baba litatembea. Nipe jibu kwa dereva huyu huyu, nitamngoja kituoni Jumapili.

Shida ni moja. Nakujua. Umetafuna kucha zako tangu darasa la kwanza, na sidhani kuoa kumekuponya. Basi mshike Mama mkono umpeleke botini polepole, yeye apitishe wake. Mwambie kazi ya ukucha ule ilikuwa hii. Nadhani ataupitisha tena na tena. Mwache aupitishe.

Nisalimie mkeo, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Msalimu shangazi Dorina anayekata tikiti gatini, mwambie abiria wake wasihamie boti la jirani. Msalimu pia mjomba Opiyo, mshika usukani, ambaye tangu msiba hana cha kushika.

Nakupenda sana, mdogo wangu.

Dada yako,
Akinyi

Tafadhali ficha wembe. Mama asikate kucha kabla ya Ijumaa.