Nyuzi Kumi na Saba

Mabatini, Mwanza
2 Februari 2025

Kwako Nestory,

Shikamoo zako za kwenye simu nimeziona, zote nne. Sijaitika na bado siitiki. Marahaba nimeiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni, siku ukiistahili nitaitoa. Kama unauliza hali yangu, nilifika salama. Vidole viwili vya mkono wa kulia bado vyeupe kwenye ncha, mengine namshukuru Mungu. Wewe na Winnie naamini hamjambo.

Simu yako sipokei kwa makusudi. Ujumbe wa sauti pia sitaki, maana nimekuona kwa macho yangu unavyousikiliza kwa kuukimbiza, shangazi yako anatoa pole ya msiba kama mpiga debe wa stendi ya Nyegezi. Barua utaisoma kwa mwendo wangu. Naandika kwa mkono, napiga picha, natuma.

Umeuliza kwa nini nilibadilisha tiketi nikarudi wiki tatu kabla ya siku, na kwa nini sikumuaga Winnie vizuri. Nakujibu. Nilifanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara miaka kumi na tisa, kwenye chumba cha baridi, wewe ukisoma. Nikirudi jioni ulikuwa unaichukua mikono yangu unaiweka kwapani kwako, mmoja huku, mwingine huku, mpaka niweze kushika mwiko. Ulikuwa na miaka sita na hukufundishwa na mtu. Mtoto huyo huyo ananialika Winnipeg mwezi wa Desemba, kwenye nyumba anayosema ameinunua, anaweka joto nyuzi kumi na saba, na kile kidude cha ukutani cha kupangia joto kimefungiwa kwenye kisanduku cha plastiki chenye kufuli. Nikakuomba uongeze hata nyuzi mbili. Ukaniambia, "Vaa sweta, mama." Nikavaa. Nikaomba tena, ukasema ufunguo unao na hufungui. Mbele ya mkeo. Na yule mzee mpangaji wako wa ghorofa ya juu, kila akishuka namkuta amevaa fulana. Mpangaji anaona joto, mama wa mwenye nyumba anatetemeka huko chini.

Nimemsimulia Sabina, tuliyekuwa naye kiwandani. Aliniuliza mara mbili kama ni Nestory huyu huyu tunayemjua.

Mama yako,
Dorotea


Winnipeg
9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ni baridi tu na kazi. Natumaini vidole vinaendelea vizuri. Winnie anakusalimu, ingawa bado anauliza alikukosea nini.

Mama, umenionea. Huku mtu hapashi nyumba joto kama anayechoma mkaa. Wataalamu wanashauri mchana nyuzi ishirini, watu wakilala au wakienda kazini kumi na saba, na watu wenye heshima zao wanakaa hivyo hivyo na masweta yao. Halafu kumi na saba si baridi ya kuua mtu. Asubuhi ya mwezi wa saba hapo Mabatini ni kumi na saba hiyo hiyo, na wewe unafagia uwanja umejifunga kanga tu. Nilikuwa nakuona.

Yule mzee wa juu ana mambo yake, achana naye. Na kumsimulia Sabina mambo ya nyumba yangu ni kunivua nguo sokoni. Naomba usirudie.

Mwanao,
Nestory


Mabatini
12 Februari 2025

Nestory,

Asubuhi ya mwezi wa saba jua linachomoza. Nilikuwa nalijua hilo nilipokuwa nafagia.

Mama yako


Winnipeg
24 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miezi sita hatujaandikiana. Nasikia kwa mjomba Shigela kwamba presha imepanda tena na usiku hulali kwa joto. Najua chumba chako. Lile jiwe kubwa la nyuma ya nyumba linakunywa jua mchana kutwa, halafu usiku linakurudishia wewe.

Nimenunua kiyoyozi. Fundi anaitwa Obedi, ana duka Mirongo, atakuja Jumamosi kukifunga, usimlipe chochote. Kipokee, mama, hata kama hunipokei mimi.

Jambo la pili ni kubwa. Winnie ni mjamzito, tunategemea mwanzoni mwa Desemba, na wametuambia ni msichana. Tunataka kumwita Dorotea. Wakati mwingine ningekupa taarifa tu ufurahi. Kwa hali tuliyonayo, naomba.

Mwanao,
Nestory


Mabatini
21 Septemba 2025

Kwako Nestory,

Winnie mpe pongezi na umwambie hana kosa, kosa namjua mwenye nalo. Ale vizuri, asibebe vitu vizito.

Obedi alikuja. Mtu mstaarabu, alivua viatu mlangoni. Alifunga mashine akaniwekea nyuzi ishirini na saba, akasema kwa umri wangu nisishuke sana, ipoze tu lile joto la jiwe. Nisiwe mwongo, usiku ule nililala mpaka jogoo akawika. Nilisema moyoni, huyu mtoto labda amejirudi. Nikataka hata kuandika barua.

Siku ya tatu niko kitandani na kitabu cha nyimbo, mashine ikalia pii, ikateremka yenyewe mpaka ishirini. Nikabonyeza rimoti, ishirini na saba. Haikupita dakika, pii, ishirini. Tulishindana hivyo mpaka vidole vikaanza kuuma. Nikamwita Obedi nikamwambia mashine yake ina pepo. Akaikagua, akainama, akaniambia, "Mama, mashine ni nzima. Kuna mtu anaibonyeza kwa simu." Alishindwa kunitazama usoni, na si yeye aliyestahili kuona aibu.

Kumbe mtu mwenyewe yuko Winnipeg. Kule kwako ulininyima joto, huku kwangu unanimwagia baridi, na kote kote ufunguo unao wewe. Mimi ni nani, Nestory? Ni mnofu wa sangara?

Kuhusu jina, usimpe. Sitaki kuitwa kutwa kucha kwenye nyumba ya nyuzi kumi na saba.

Mama yako,
Dorotea


Winnipeg
22 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Nimesoma sana kuhusu jambo hili. Mgonjwa wa presha hatakiwi kulala kwenye joto. Nimeipandisha mpaka ishirini na mbili, na hapo sitoki. Simu inanionyesha kwamba wiki hii umeizima kwenye swichi ya ukutani mara tisa. Utaiharibu.

Kuhusu jina nimesikia. Winnie amelia.

Nestory


Mabatini
5 Oktoba 2025

Kwako Nestory,

Sijambo. Nimeona hukuandika "mwanao". Zamani hata mama hukuniita, uliniita mayu, na Kisukuma chako kibovu tulikicheka wote. Tangu uende huko nimekuwa mama wa kwenye barua, na sasa naona hata mtoto hayupo.

Mara tisa ulihesabu sawa. Ya kumi hutaiona, kwa sababu nimehama chumba. Mashine yako nimeiachia, iko mle peke yake nimeifunika kanga, ipoze kitanda. Mimi nalala sebuleni kwenye kochi, mtu wa miaka sitini na nne, ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono hii unayoijua. Mgongo unaniuma. Presha daktari amesema imepanda, na mimi namjua anayeipandisha, si jiwe.

Jumapili iliyopita tulikuwa Usagara kwenye kikao cha ukoo. Mjomba wako Shigela aliuliza mbele ya watu, Nestory anaendeleaje. Nikasema Nestory ni mzima, ana nyumba yake na mpangaji juu. Wakakupigia makofi. Nilikusitiri.

Sasa nimechoka. Mambo ya wataalamu usiniandikie tena, wala hesabu za simu yako. Ukiwa na jambo la kweli la kuniambia, andika. Kama huna, tukae hivi hivi.

Mama yako,
Dorotea


Winnipeg
11 Desemba 2025, saa saba usiku

Mayu,

Shikamoo. Mtoto amezaliwa juzi. Ana kilo tatu na nusu, na Winnie ni mzima. Bado wako hospitali, kesho wanatoka. Hana jina.

Muuguzi ameniuliza nyumbani tunaweka nyuzi ngapi. Nikasema ishirini na mbili. Akaandika, akafurahi, akasema kwa mtoto mchanga ni vizuri. Nimerudi kuandaa nyumba, nimesimama mbele ya kile kisanduku cha plastiki na nguo za mtoto mkononi. Kumi na saba. Ulisema niandike nikiwa na jambo la kweli.

Ufunguo sina. Sijawahi kuwa nao. Nyumba hii si yangu. Yule mzee wa juu ndiye mwenye nyumba, mimi ndiye mpangaji, na nimepanga huku chini ya ardhi ambako wenzetu wanaweka vitu vyao vibovu. Joto anapanga yeye. Hewa yote ya moto inapanda kwake, ndiyo maana ulimkuta na fulana. Ulipokuwa hapa nilipanda kwake mara mbili wewe ukiwa umelala, nikamwambia mama yangu ana vidole vibovu. Alinijibu, "Mama yako avae sweta." Lile neno halikuwa langu, mayu. Nililichukua kwake nikakuletea wewe.

Nilikuwa nimeshakuambia nimenunua nyumba. Ulikuwa umeshawaambia watu wa Usagara. Nikaona afadhali unione katili kuliko unione mpangaji.

Na kiyoyozi. Nilisema ni presha yako, na presha ilikuwemo, lakini si yote. Nikitoka kazini nasimama kituo cha basi, navua glovu moja, nabonyeza namba, na Mwanza inatii. Duniani kote ilikuwa ndiyo namba pekee ninayoipanga mimi. Ulipokuwa unaibadilisha nilikuwa nakasirika kama mtu aliyeibiwa, nikikukasirikia wewe, mwenye chumba.

Mashine nimeifuta kwenye simu. Sasa rimoti yako inatosha. Rudi kitandani kwako, mayu. Jina siombi tena.

Mwanao,
Nestory


Mabatini
11 Desemba 2025, jioni

Mwanangu Nestory,

Marahaba. Hiyo ni ya shikamoo zote tangu Januari, usidai nyingine.

Nimefurahi mtoto amefika salama. Mwambie Winnie hongera, na pole, na kwamba nilimkimbia bila kumuaga na hilo ni deni langu kwake, si lako kunisemea.

Wewe bado nimekukasirikia, tena kuliko Februari. Mwaka mzima nimemchukia mwanangu kwa kosa la mtu mwingine. Nimekuombea mabaya madogo madogo, Mungu anisamehe, mvua ikuharibie viatu, chai ikuunguze ulimi. Umeninyima mtoto wangu mwaka mzima ili nisijue amepanga. Amepanga. Mimi nilipanga Mirongo miaka kumi na moja, chumba kimoja, choo cha kaya saba. Wewe ulizaliwa mpangaji, Nestory. Hiyo aibu uliipata wapi? Kwangu hukuirithi. Usagara nitawaambia mwenyewe, na atakayecheka atanijua.

Sasa sikiliza, maana kesho si mbali. Kiwandani ufunguo wa kila kitu alikuwa nao msimamizi. Tulimwendea mmoja mmoja kuomba glovu, akatufukuza mmoja mmoja. Siku moja mimi na Sabina na wenzetu kumi na wawili tuliingia ofisini kwake na gambuti zetu, tumelowa, tukakaa kwenye viti vyake vizuri tukanyamaza. Hatukuomba kitu. Kabla ya saa sita glovu zilikuwa zimepatikana.

Kesho mkitoka hospitali msishuke chini. Pandeni juu. Piga hodi, ingieni na mizigo yenu, mpeni mzee mtoto ampakate, halafu mkae. Habari ya nyuzi usiitaje hata kidogo, hiyo umeshaomba na ulijibiwa. Akiuliza mtoto anaitwa nani, mwambie anaitwa Dorotea, bibi yake aliwahi kulala hapo chini. Akiuliza mnaondoka saa ngapi, mwambie kukishakuwa na joto la kumshusha mtoto. Mtu aliyempakata mtoto wa siku tatu hawezi kusema avae sweta. Akisema, nipigie, siku hiyo nitapokea.

Mpaka afungue hicho kisanduku, mtoto akae kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, na blanketi juu. Mikono yake iweke kwapani. Unajua inavyofanywa.

Nimerudi chumbani. Kanga nimeitoa kwenye mashine. Leo nimeweka mwenyewe ishirini na saba, imekaa hapo hapo kutwa nzima, hakuna aliyeigusa. Nimeitazama mpaka nimechoka.

Irudishe kwenye simu yako. Ukisimama hapo kituoni, bonyeza. Ikizidi baridi, nitavaa sweta.

Mama yako,
bibi yake Dorotea