Nyuzi Zimeshika

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Rutamba, nyumbani. Mguu wa mama bado umefungwa plasta. Nimeokota korosho, nimerudi kumwogesha. Ndipo ujumbe wa Dk. Getrude, msimamizi wangu wa chuo: semina ya Alhamisi atasimama Frank wa maabara yetu "kwa niaba yako". Picha zangu za hadubini anazo tayari. Nani kampa? Sikuulizwa!

Jumatano, 6 Novemba

Bado nina hasira. Mwaka mzima maabara, natengeneza vifuko vya mafuta — utando wa bandia, mfano wa utando wa seli. Nyuzi za aktini, protini ya ndani ya seli, zikawa zinaelea tu pembeni, hazigusi. Dk. Getrude kashikilia: bila protini nyingine ya kuziunganisha na utando hazitashika. Nikapunguza chumvi ya kawaida, nikaongeza magnesiamu. Zikashika! Zikalala juu ya utando kama nywele zilizolowa. Yeye akasema nimechafua sampuli. Frank akacheka.

Alhamisi, 7 Novemba

Witness, mwenzangu wa maabara, kapiga. Frank kasimama mbele za watu kasema "nimegundua". Nimegundua! Jina langu liko slaidi ya mwisho, kwenye shukrani, chini ya fundi wa jokofu.

Mama kanisikia nalia jikoni, kaniita. Nikamweleza: kuna nyuzi zinaipa seli umbo, nilitaka kujua zinashikaje kwenye utando.

"Na zimeshika?"

"Zimeshika. Ila mwingine kasema ni zake."

Kautazama mguu wake. "Basi mimi ndiye niliyekuponza, mwanangu."

Hapo ndipo hasira ikanipanda kweli. Mpaka mama yangu wamemfanya aombe radhi! Nimetwanga kisamvu mpaka kiganja kimechubuka.

Jumapili, 10 Novemba

Witness anasema Frank karudia jaribio wiki nzima, nyuzi hazishiki. Kaweka magnesiamu, chumvi kaiacha vilevile. Kesho anakuja mgeni kutoka nje kuangalia.

Dk. Getrude kapiga sasa hivi. Kwa mara ya kwanza kauliza hali ya mama. Halafu kataka vipimo vyangu, chumvi na magnesiamu.

Nikasema, "Shikamoo, Daktari. Jina langu kwanza. Na mgeni nitamweleza mimi, hata kwa simu."

"Mboni, usiwe mtoto."

Nikarudia: jina langu kwanza. Kasema nisubiri. Simu iko mkekani, sauti nimeifungulia, mama naye anasikiliza. Nyayo. Mlango. Sauti ya Frank, iko mbali:

"Kwani anataka nini?"