Barua ya Kumhamisha Mwalimu Josiane

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA SHULE YA MSINGI KANYABITOKE, KATA YA KEZA, WILAYA YA NGARA, KILICHOFANYIKA IJUMAA TAREHE 12 SEPTEMBA 2025, CHUMBA CHA DARASA LA PILI

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Anatory Matiasi – Mwenyekiti
2. Bi. Speciosa Celestini – Mjumbe, mzazi
3. Mw. Frednand Fideli – Mjumbe, mwalimu wa taaluma
4. Mw. Agripina Bartholomayo – Mwalimu Mkuu, Katibu

ALIYEALIKWA
Mw. Josiane Nimpaye – Mwalimu wa Darasa la Pili

ASIYEHUDHURIA
Bw. Niyonzima – amefiwa huko Bukiriro

KUMB. NA. 1/09/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:20 asubuhi badala ya saa 3:00. Alisema ni siku ya gulio, hivyo wajumbe wasirefushe maneno.

KUMB. NA. 2/09/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TAREHE 11 JULAI
Katibu alisimama kuzisoma. Mwenyekiti alisema hakuna haja, kila mjumbe anazijua. Zilithibitishwa kwa makofi matatu, kama ilivyo desturi ya kamati hii. Katibu aliketi.

KUMB. NA. 3/09/2025: MALALAMIKO JUU YA UFUNDISHAJI WA KUSOMA DARASA LA PILI
Mwenyekiti alieleza kwamba ana barua mkononi ya kumwomba Afisa Elimu Kata amhamishe Mw. Josiane, na kilichobaki ni kamati kuridhia. Alisema amepita dirishani mara mbili akakuta watoto wanasimuliana hadithi za kitabuni kwa Kihangaza, lugha ya nyumbani kwao, na ukutani wametundika ungo, jembe na kibuyu vyenye kadi za majina. "Hili ni darasa au ni ghala la bibi yangu?" aliuliza.

Mw. Frednand alisema mwaka jana darasa hilo lilikuwa lake na watoto wote walisoma bila kukwama, hata darasa la jirani lilikuwa linawasikia. Sasa wanakwama kila mstari. Aliongeza kwamba wazazi hawakuleta watoto shuleni kujifunza Kirundi.

Mw. Josiane alijibu kwamba hicho si Kirundi, kwamba amezaliwa Mugoma, hapa hapa Ngara, na Kihangaza alifundishwa na bibi yake, na kwamba Mw. Frednand anajua hivyo kwa sababu walisoma darasa moja. Mw. Frednand aliomba maneno hayo yasiandikwe. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuagiza kila kitu kiandikwe.

Bi. Speciosa alisema binti yake Auleria, aliye Darasa la Pili, amekuwa msumbufu. Kila neno anataka maana. Jumapili alimvuta nguo kanisani somo likiendelea, akauliza "kustahimili" ni kufanya nini. "Watu wakageuka wote. Jamani, niliona aibu!" Katibu alimuuliza alimjibu nini mtoto. Bi. Speciosa alisema alimfinya.

KUMB. NA. 4/09/2025: WANAFUNZI KUSOMESHWA MBELE YA KAMATI
Mw. Josiane aliomba kabla ya kuhukumiwa waitwe watoto wawili. Mwenyekiti alikubali, akamtaja mjukuu wake Priscila wa Darasa la Tatu, aliyefundishwa na Mw. Frednand mwaka jana. Mw. Josiane alimtaja Auleria. Wote walipewa ukurasa mmoja, hadithi ya mama aliyekwenda shambani kupalilia maharage.

Priscila alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Wajumbe walipiga makofi. Mw. Josiane alimuuliza kwa nini mama alirudi nyumbani. Priscila alirudia sentensi ya kwanza ya hadithi. Aliulizwa tena, akairudia tena kwa sauti kubwa zaidi. Mw. Josiane aliomba amuulize kwa Kihangaza. Mwenyekiti alikataa. Mtoto alianza kulia akaruhusiwa kutoka.

Auleria alisoma kwa kidole, akakwama mara nne, akinong'ona Kihangaza peke yake. Mwenyekiti alitazama saa. Alipoulizwa swali lilelile alijibu kwa Kiswahili: "Alisahau jembe. Sasa angepalilia na nini?" Bi. Speciosa alicheka, kisha akajifuta macho kwa kitenge.

Mw. Frednand alisema swali moja si mtihani.

KUMB. NA. 5/09/2025: UAMUZI KUHUSU BARUA
Mwenyekiti alisema hata hivyo hakuna aliyemruhusu Mwalimu kuanzisha mambo yake, na hilo peke yake linatosha kumhamisha. Aliuliza ruhusa hiyo aliitoa wapi.

Kabla Mw. Josiane hajajibu, Katibu alifungua daftari la Julai, akamkabidhi Mwenyekiti KUMB. NA. 3/07/2025 aisome. Mwenyekiti alisimama akaisoma yote bila kukwama: "Kamati ilikutana na kujadili hali ya usomaji. Kamati iliridhia Mwalimu wa Darasa la Pili awaache wanafunzi wasimulie hadithi kwa lugha ya nyumbani kabla ya kujibu kwa Kiswahili, hadi mwisho wa mwaka." Chini ipo saini yake.

Mw. Josiane alisimama, akasema: "Shikamoo mzee. Umesoma vizuri. Kamati iliridhia nini?"

Mwenyekiti hakuitikia. Alisema: "Kamati ilikutana na kujadili hali ya usomaji." Kisha akaitazama saini yake. Hakuna aliyecheka. Ndipo aliposema, "Marahaba, mwanangu," akaketi.

Katibu alikiri kwamba tangu KUMB. NA. 2 alikuwa akingoja mjumbe yeyote aikumbuke ruhusa ya Julai, na kwamba haikuwa haki kumwacha Mw. Josiane asemwe muda wote huo. Alimwomba radhi mbele ya wote.

Iliamuliwa: Mw. Josiane abaki Darasa la Pili. Mwenyekiti aliichana barua. Mw. Frednand aliomba iandikwe kwamba hakukubaliana. Imeandikwa.

KUMB. NA. 6/09/2025: KUFUNGA KIKAO
Katibu alisoma kumbukumbu hizi papo hapo. Bi. Speciosa alianza kupiga makofi, Mwenyekiti akamshika mkono. Aliagiza kila mjumbe aseme kwa mdomo wake kilichoamuliwa, kwa lugha yoyote. Walisema, Mw. Frednand akiwa wa mwisho. Mwenyekiti alisema chake kwa Kihangaza, ndipo akaomba kalamu. Kikao kilikwisha saa 7:35 mchana. Gulio lilikuwa limekwisha vunjika. Mwenyekiti aliondoka akiuliza Priscila amekwenda kulilia wapi.

Anatory Matiasi, Mwenyekiti (amesaini baada ya kueleza)

Agripina Bartholomayo, Katibu (amesaini)