Makofi Kumi Mbele ya Ukuta

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeitwa! Miaka kumi na moja nimekaa mapokezi, naandika majina ya akina mama na kuwahimiza wanywe maji kabla ya kupigwa picha ya tumbo — na leo Daktari Zeenat kaniita ofisini kwake. Kliniki itasomesha mfanyakazi mmoja awe mpiga picha za ultrasaundi. Walioomba walikuwa saba, tumebaki wawili. Mahojiano ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Sharti lake nalo! Kila mmoja apime wimbi lolote kwa mikono yake mwenyewe, aandike alivyopima, kisha aje alitetee jibu lake. Anasema mashine yetu haina uchawi. Inapeleka sauti mwilini, inangoja irudi, inapima muda iliotumia. Asiyeelewa hilo atakuwa anabonyeza vidude tu.

Nikasema ndiyo, Daktari. Kwenye lifti nikacheka peke yangu mpaka bwana mmoja akashuka ghorofa ambayo nadhani haikuwa yake.

Mimi na fizikia tuliachana kidato cha pili. Hatukuagana.

Jumatano, 11 Juni

Arjun, ndiye mpiga picha wetu wa sasa, amenichorea wimbi nyuma ya fomu iliyoharibika, huku anakula chapati. Kutoka kilele hadi kilele ni urefu wa wimbi. Vilele vingapi vinakupita kwa sekunde moja, hayo ni masafa. Zidisha hivyo viwili, umepata kasi.

"Ni hayo tu?" nikamuuliza.

"Ni hayo tu. Lakini usimwambie Daktari, ataona mshahara wangu ni mwingi."

Nilipofika nyumbani Uthiru nikafungua ncha moja ya kamba ya nguo, nikaitikisa. Polepole — mawimbi marefu. Haraka — mafupi, yamebanana. Kulikuwa na kibanio katikati. Wimbi likakipita likafika hadi getini, chenyewe kikapanda, kikashuka, kikabaki palepale! Naanika nguo kwenye kamba hiyo miaka yote na sijawahi kuliona hilo. Nimetikisa mpaka mkono ukaniuma.

Kasi yake tu ndiyo imenishinda. Wimbi linafika getini kabla sijasema "sasa". Nitapima sauti basi. Sauti inarudi, na kinachorudi unaweza kukingojea.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimeipeleka kwaya ninayoifundisha, yote nzima, uwanjani kwa shule ya msingi badala ya mazoezi. Ng'ambo ya uwanja kuna flati mpya, upande wake mmoja ni ukuta mtupu, hauna hata dirisha. Musili, besi wetu, ni fundi wa mjengo, akaja na tepu. Mita themanini na tano. Kwenda na kurudi, mia moja sabini.

Kazi yenyewe: piga kofi. Sauti iende ukutani, mwangwi urudi. Mwangwi unapofika tu, piga lingine juu yake, na lingine, mpaka usiweze kutenganisha kofi na mwangwi wake. Stacy, binti wa kaka yangu, alishika saa kwenye simu.

"Mwalimu," Musili akaniuliza, "tumekuja kuimba ama kushangilia flati ya wenyewe?"

Baridi ya ajabu! Nilivaa sweta mbili na leso shingoni, viganja vyekundu. Lakini wanakwaya wakipiga kofi, ni kofi moja kweli. Tulirudia mara tano. Makofi kumi, sekunde nne na nusu. Kwa hiyo kofi moja ni sifuri nukta nne tano, na kasi ya sauti — mita 378 kwa sekunde!

Nimepima sauti! Mimi! Nimeandika ripoti na kumtumia Daktari leo leo. Nikaweka na sahihi.

Jumatatu, 16 Juni

Arjun ameisoma ripoti. Kisha akacheka mpaka akavua miwani.

Ameniambia sauti hewani huanza na 331 kwenye baridi ya barafu, halafu unaongeza sita kwa kila digrii kumi za joto. Kwa 378 yangu, Uthiru Jumamosi ilikuwa na digrii karibu themanini. "Kwani mlikuwa mnachemshwa?"

Nikamuuliza kosa liko wapi. Amekataa! Ati akinionyesha, mahojiano yatakuwa yake. Nimekasirika, nimeondoka bila kumuaga.

Nikashuku tepu. Nikampigia Musili — naye akawaka. "Mwalimu, hii tepu imejenga flati nne. Makosa tafuta kwa masoprano."

Jumanne, 17 Juni

Nimeliona! Nimeliona!

Mtu aliturekodi Jumamosi akaweka video kwenye grupu ya kwaya. Asubuhi nilikuwa nikinywa chai naitazama. Kofi la kwanza — na sote tunapaza sauti, "Moja!" Papo hapo Stacy anawasha saa. Moja ya nini? Sauti haijaenda popote bado! Ni mazoea yetu, pigo la kwanza tunaliita moja, na niliyewafundisha ni mimi. Makofi yalikuwa kumi, lakini safari za sauti zilikuwa tisa tu. Kofi la kwanza lilistahili kuitwa sifuri.

Nne na nusu, gawa kwa tisa: nusu sekunde kamili. Kasi: 340. Na simu inasema asubuhi ile ya Jumamosi ilikuwa digrii kumi na tano — hesabu ya Arjun inatoa 340 hiyo hiyo! Nimecheza jikoni. Nimemwomba Musili msamaha. Arjun pia, kidogo.

Lakini 378 iko mezani kwa Daktari, na sahihi yangu chini yake. Naogopa. Nimeamua nitasema mwenyewe kabla hawajauliza.

Alhamisi, 19 Juni

Niko kwenye benchi la wagonjwa, hapa chini mapokezi. Naandika huku nangoja.

Nimesema. Aliyejibu ni Bwana Tarsem, mwenye kliniki mwenzake: "Kama makofi kumi yanakushinda kuhesabu, nitakuamini aje na mtoto tumboni?"

Nikamwambia, "Kwa sababu nikikosea nitakuja kukuambia, kama leo."

Akanitazama. Akasema haamini kuhesabu vibaya mara moja tu kunaweza kuharibu jibu kiasi hicho. Akasimama. Ati twende tuone! Kisha mimi nikaambiwa nibaki hapa, nisiwasaidie.

Nawaona kupitia kioo cha dirisha. Wako kwenye parking, wameelekea ukuta wa jengo jirani. Mutie, askari wetu wa getini, amevuta tepu katikati ya magari. Daktari na koti lake jeupe, Bwana Tarsem na kilemba chake, wanapigia ukuta makofi! Mama aliye kando yangu ameniuliza kama hayo ni matibabu.

Wamesimama. Wanabishana. Bwana Tarsem ameinua vidole kumi, Daktari amekishusha kimoja kwa nguvu.

Sasa Daktari anakuja mbio, anagonga kioo. "Wamucii! Toka utuhesabie — Tarsem anaanza na moja!"